Mbwa Koko na Mwenyewe

Mtu apitaye Mamba jioni, wakati mahindi yamekomaa mashambani, hana budi kusikia sauti za mbwa. Bonde letu la Rukwa lina rutuba, lakini lina majirani wenye njaa. Mchana huja nyani na tumbili. Usiku huja nguruwe mwitu, na mara nyingine fisi huzunguka zizi la mbuzi. Kwa hiyo mkulima wa Mpimbwe mwenye shamba mbali na nyumba yake hupenda kuwa na mbwa mmoja au wawili. Mbwa hulala kibandani pamoja na watoto walindao shamba, hubweka kabla mtu hajasikia lolote, na ujira wake ni ukoko wa ugali na mifupa.

Mavuno yakiisha, mambo hubadilika. Mahindi yameingia ghalani, kibanda kimeachwa, na mbwa hana kazi tena. Hapana amfukuzaye, lakini pia hapana amwitaye. Huanza kwenda sokoni kutafuta chakula, huokota mabaki penye machinjio, huzaa watoto chini ya ghala la mtu asiyemjua. Baada ya miezi michache watu humwita mbwa koko, yaani mbwa asiye na mwenyewe, na kila mtoto aona ni halali kumpiga jiwe.

Katika mazungumzo haya twataka kuuliza swali moja tu: Je, mbwa huyo kweli hana mwenyewe? Swali laonekana dogo, lakini maisha ya watu yamo ndani yake, na zaidi maisha ya watoto. Watu wa nchi za mbali na za karibu wameliuliza kabla yetu, na habari za majibu yao zatufaa sana sisi tuishio ukingoni mwa pori.

Sisi wenyewe tulipokuwa wadogo tuliliona jibu la kwanza, nalo ndilo ambalo vijiji vingi vimelitoa. Asubuhi moja mbwa mgeni aliingia kijijini, udenda ukimtoka, akauma watoto wawili na mbuzi mmoja. Siku ya pili ikapigwa mbiu kwamba mbwa wote wauawe. Wanaume wakatoka na marungu. Hata jioni mbwa waliokufa walikuwa wengi, na wengi wao walikuwa wale wapole, waliokuja walipoitwa kwa majina yao. Ndio waliokuwa rahisi kushikwa. Wale wakali walikimbilia porini. Jirani yetu mmoja alimficha mbwa wake ndani ya kihenge kitupu.

Msimu uliofuata nyani walitushinda. Kila nyumba ikaenda kuomba mtoto wa mbwa katika vijiji vingine, pasipo kuuliza kama huko kuna ugonjwa au hakuna. Na mmoja wa watoto wale wawili hakupona. Wakati ule hatukufahamu kwamba marungu yale hayakumsaidia yeye hata kidogo, wala hayakumkinga mtoto atakayeumwa baada yake. Tulilifahamu jambo hili tulipokuwa watu wazima, kwa kusoma habari za watu wengine. Habari hizo ndizo tunazoleta mbele yenu leo.

Watu walipoanza kukusanyika kwa ajili ya wanyama

Kumhurumia mnyama si jambo geni kwa mwanadamu. Wazee wetu walikuwa na miiko mingi iliyozuia ukatili, na dini kubwa mbili za nchi yetu zote zafundisha kwamba mwenye nguvu ataulizwa alivyomtenda asiye na nguvu. Lakini huruma ya mtu mmoja ni kama kidole kimoja, nacho, kama wasemavyo wahenga, hakivunji chawa. Historia tunayoitaka ni ya watu waliounganisha vidole vyao.

Mwaka 1822 Bunge la Uingereza lilipitisha sheria iliyokataza kuwatesa ng'ombe, farasi na kondoo. Aliyeipigania alikuwa Richard Martin, mjumbe wa Galway katika nchi ya Ireland. Wenzake wengi walimcheka, wakiuliza kama kesho ataleta sheria ya kuwalinda mbwa na paka. Upesi Bwana Martin aligundua kwamba sheria isiyo na watu wa kuiangalia ni karatasi tu. Basi tarehe 16 Juni 1824 watu wachache walikutana London katika nyumba moja ya kahawa, wakiitwa na kasisi Arthur Broome, wakaanzisha chama cha kuzuia ukatili juu ya wanyama. Katika watu hao alikuwamo William Wilberforce, ambaye sisi wa Afrika twamjua kwa vita vyake vya kuikomesha biashara ya watumwa. Si ajabu kwamba mtu yule yule aliingia katika mashauri yote mawili. Mwaka 1835 sheria ikapanuliwa, na mbwa naye akaingizwa ndani yake.

Hata hivyo mbwa wa barabarani walikuwa bado hawana mtetezi. Mwaka 1860 mama mmoja, Bibi Mary Tealby, alifungua katika mtaa wa Holloway, London, nyumba ya kuwapokea mbwa waliopotea na wenye njaa. Magazeti yalimdhihaki, yakasema kwamba mji wenye watoto maskini wengi hauna haja ya kulisha mbwa. Bibi yule hakurudi nyuma. Mwaka 1871 nyumba yake ikahamishiwa Battersea, nayo ipo mpaka sasa. Twawaomba mkumbuke jambo moja juu ya nyumba ile. Mbwa akiletwa, kazi ya kwanza haikuwa kumlisha tu. Ilikuwa kumtafuta mwenyewe. Asipopatikana, alitafutwa mtu mwingine wa kumchukua. Yaani tangu mwanzo watu wale walifahamu kwamba ubaya wa mbwa wa barabarani ni kukosa mtu wa kuulizwa habari zake.

Kwa upande wa Afrika Mashariki, chama cha namna hiyo kilianzishwa nchini Kenya mwaka 1910, na waanzilishi wake walikuwa walowezi. Kwa muda mrefu watu wa vijijini waliyaona mashauri hayo kuwa mambo ya wageni wenye nafasi. Tanzania huru ilikuja kutunga sheria yake yenyewe, Sheria ya Ustawi wa Wanyama ya mwaka 2008, ambayo yamtaka kila mwenye mnyama amlishe, amtibu na asimtese. Lakini kama Bwana Martin alivyoona, sheria hungoja watu. Basi na tuwatazame watu wa pwani waliopata jambo hili mikononi mwao.

Punda wa Lamu

Mji wa Lamu umejengwa kwa njia nyembamba sana, hata watu wawili waliobeba mizigo hupishana kwa shida. Motokaa haiwezi kupita. Kwa hiyo tangu zamani mchanga, mawe, saruji, maji na vyakula hubebwa na punda, na punda wa kisiwa kile huhesabiwa kwa maelfu. Mchana hupakiwa mizigo. Jioni wengi wao hufunguliwa wajitafutie chakula wenyewe. Basi humwona punda usiku akila makaratasi na takataka jaani, mgongo wake una kidonda cha kamba, wala hujui ni wa nani. Huyu ndiye ndugu wa mbwa wetu wa Mamba. Ana mwenyewe wakati wa kazi, na hana mwenyewe wakati wa njaa.

Katika miaka ya 1980 Bibi Elisabeth Svendsen, Mwingereza aliyeanzisha huko kwao mwaka 1969 chama cha kuwatunza punda, alifika Lamu, naye akahuzunika kwa hali aliyoiona. Mwaka 1987 ikafunguliwa penye ufuo wa mji nyumba ya matibabu ya punda. Punda hutibiwa pasipo malipo: hupewa dawa ya minyoo, vidonda husafishwa, kwato hukatwa, na punda wazee au wagonjwa hupata mahali pa kupumzika.

Lakini dawa peke yake isingetosha, maana punda aliyepona akirudi kwenye kamba ile ile ataumia tena. Kwa hiyo wenye punda walifundishwa kutumia matandiko laini badala ya kamba tupu, na kutompakia mnyama aliye mchanga au mwenye jeraha. Tena yalianzishwa mashindano ya kumchagua punda aliyetunzwa vizuri kuliko wote, na mwenyewe hupewa zawadi mbele ya watu. Hapo zamani kijana wa Lamu alijisifu kwa punda mwenye mbio. Sasa aliweza kujisifu pia kwa punda mwenye mgongo mzima. Twaona kwamba heshima ya mtu mbele ya majirani zake yaweza kufanya kazi ambayo faini haiwezi kuifanya.

Ugonjwa ulio nyuma ya swali letu

Punda aliyeachwa huumia mwenyewe. Mbwa aliyeachwa aweza kuumia pamoja na kijiji kizima, kwa sababu ya maradhi yaitwayo kichaa cha mbwa. Yafaa tuyaeleze kwa maneno wazi kabla ya kuendelea.

Kijidudu cha maradhi haya hukaa katika mate ya mnyama mgonjwa. Akiuma, mate huingia katika jeraha, na kijidudu hufuata mishipa ya fahamu polepole mpaka ubongoni. Safari hiyo yaweza kuchukua majuma au miezi, ndiyo maana watu wengi husahau kwamba waliumwa. Lakini dalili zikiisha kuonekana, yaani mtu kuogopa maji, kushtuka kwa upepo na kuweweseka, karibu kila mgonjwa hufa, hospitali iwe kubwa namna gani. Duniani kote watu wapatao 59,000 hukadiriwa kufa kila mwaka kwa ugonjwa huu, nao karibu wote huupata kwa mbwa. Katika watu waumwao na wanyama washukiwao kuwa na kichaa, wanne katika kila kumi ni watoto wasiotimiza miaka 15, kwa kuwa watoto ndio wachezao na mbwa na ndio wasiojua kukimbia.

Tarehe 6 Julai 1885 Louis Pasteur wa Ufaransa alimdunga dawa mtoto Joseph Meister, mwenye umri wa miaka tisa, aliyekuwa ameumwa na mbwa mwenye kichaa. Mtoto akaishi. Tangu siku ile mtu aliyeumwa ana njia ya kuokoka, ila lazima aifuate mapema: aoshe jeraha mara moja kwa sabuni na maji mengi yanayotiririka kwa muda wa robo saa, kisha aende hospitali siku ile ile apate sindano, wala asipake majivu au mafuta na kungoja.

Hata hivyo sindano za wanadamu ni ghali, nazo mara nyingi ziko mbali na vijiji. Kuna njia nyingine iliyo rahisi zaidi: kumchanja mbwa kabla hajaumwa. Hapa ndipo habari za nchi yetu wenyewe zinapoanza kutufundisha.

Waliochanja, na walioua

Katika wilaya ya Serengeti, kati ya mwaka 1996 na 2001, wataalamu wa wanyama walichanja mbwa wa vijijini mara kwa mara. Mbwa waliletwa mahali pa mkutano, na wengi waliletwa na watoto, wakivutwa kwa kamba. Mara nne walipochanja, waliwafikia mbwa baina ya 61 na 74 katika kila 100. Matokeo yalishangaza hata wataalamu wenyewe. Baada ya uchanjaji wa kwanza kichaa katika mbwa kilipungua kwa sehemu 70 katika 100. Baada ya wa pili, kwa sehemu 97. Watu walioumwa na mbwa washukiwao walipungua vile vile. Katika wilaya za jirani, ambako mbwa hawakuchanjwa hivyo, hawakupungua.

Kwa nini si lazima kumfikia kila mbwa? Tuchukue mfano wa darasani. Mbwa mmoja mwenye kichaa, kabla ya kufa, kwa kawaida huambukiza mbwa wengine wachache tu, mmoja au wawili. Ikiwa katika mbwa kumi wa kitongoji saba wamechanjwa, basi mara nyingi meno yake yatamfikia aliyekingwa, na mnyororo wa ugonjwa utakatika. Lakini mwaka upitapo, katika wale saba wengine watakuwa wamekufa, na watoto wa mbwa watakuwa wamezaliwa bila kinga. Kwa hiyo kazi hii si ya siku moja. Ni kama kupalilia.

Sasa tulinganishe na marungu. Mwaka 1997 ugonjwa huu uliingia katika kisiwa cha Flores, nchini Indonesia, ambacho hakikuwa nao kabla, pamoja na mbwa walioletwa kwa mashua. Wakuu wakaamuru mbwa wauawe, na maelfu kwa maelfu wakauawa. Ugonjwa haukuondoka. Sababu zake ni zile zile tulizoziona utotoni kijijini. Mwenye kumpenda mbwa wake humficha au humsafirisha, na ugonjwa husafiri pamoja naye. Aliyeuawa wake huchukua mwingine, mchanga asiye na kinga. Na aliyechanjwa huuawa pamoja na asiyechanjwa, hivi kwamba rungu huondoa kinga iliyokwisha kupatikana.

Jambo jingine liligunduliwa katika mji wa Iringa. Wataalamu walipohesabu mbwa wa mji ule, waliona kwamba wale wasio na mwenyewe kabisa ni wachache mno. Mbwa walioonekana wakizurura walikuwa wengi, lakini ukiwafuata mpaka jioni, utaona kwamba karibu kila mmoja ana nyumba ambako hurudi. Hili ni jibu la swali letu. Mbwa koko ana mwenyewe, ila mwenyewe hajitokezi mpaka apate sababu njema ya kujitokeza. Rungu likija, husema, "Si wangu." Sindano ikija bila malipo, husema, "Huyu ni wangu, jina lake ni fulani."

Habari za Pemba

Katika habari zote tulizosoma, hakuna itufundishayo kuliko ile ya Pemba. Kisiwa hicho cha karafuu kina wilaya nne, Wete, Micheweni, Chake Chake na Mkoani, na katika hesabu ya mwaka 2012 kilikuwa na watu zaidi ya 400,000. Wenyeji karibu wote ni Waislamu, na kwa sheria ya dini yao mate ya mbwa ni najisi. Kwa hiyo mbwa hakai ndani ya nyumba. Mgeni aweza kudhani kwamba watu wa namna hiyo hawatajali habari za mbwa. Angekosea. Huko pia kuna kima waharibuo mashamba, na wakulima hufuga mbwa wa kulinda. Tena dini ile ile ina habari mashuhuri ya mtu aliyesamehewa dhambi kwa kumnywesha mbwa mwenye kiu. Mtu aweza kujitenga na mate ya mbwa, na bado asimwache mbwa.

Mwaka 2010 Serikali, ikisaidiwa na Shirika la Afya Duniani na mfuko wa Gates, ilianza kazi kubwa ya kuchanja mbwa katika wilaya za kusini na mashariki mwa Tanzania Bara, na Pemba ikaingizwa humo. Watangazaji walikwenda vijijini, wenye mbwa wakaleta mbwa wao. Wataalamu nao walifuata kila habari ya mtu au mnyama aliyeumwa, wakiuliza nyumba kwa nyumba: mbwa alitoka wapi, aliuma nani tena, yuko wapi sasa. Ugonjwa ukapungua, na mwaka 2014 ukakoma.

Laiti habari zingeishia hapo. Lakini mtu aliyefukuza mwizi akaacha mlango wazi hajamaliza kazi. Kinga ya mbwa ilipungua, na mwaka 2016 kichaa kikazuka tena kisiwani. Wataalamu walichukua vijidudu vya ugonjwa wakasoma nasaba yao, kama vile sisi tusomavyo ukoo wa mtu, nao wakaona kwamba ugonjwa haukuwa umejificha Pemba miaka ile. Uliingizwa upya kutoka nje ya kisiwa, tena zaidi ya mara moja. Mbwa hawaogelei bahari ya namna ile. Waliletwa na watu, chomboni, na yumkini kila mmoja aliletwa na mtu mwenye nia njema aliyetaka mlinzi wa shamba lake.

Watu wa Pemba walirudia kazi. Mbwa wakachanjwa tena na tena, na mwaka 2018 ugonjwa ukakomeshwa mara ya pili. Kwa hiyo kisiwa kile kimetufundisha mambo mawili kwa pamoja. La kwanza, kwamba maradhi haya yaweza kuondolewa katika nchi ya watu wasio matajiri, pasipo kuangamiza mbwa. La pili, kwamba yakiisha kuondolewa, hurudi kwa njia ya uzembe wa siku chache.

Sisi wa ukingo wa Katavi

Pemba ina bahari pande zote. Sisi hatuna. Mbwa wa Mamba aweza kwenda mpaka kijiji kingine kwa usiku mmoja, na wa kijiji kingine kuja kwetu. Zaidi ya hayo, tunapakana na nchi ya wanyama. Hifadhi ya Taifa ya Katavi ilianzishwa mwaka 1974, na ndani yake wamo simba, fisi na mbwa mwitu. Yaliyotokea Serengeti mwaka 1994 yatupasa kuyajua. Ugonjwa mwingine wa mbwa uliwapata simba wa huko, na karibu mmoja katika kila watatu akafa. Jumla yao yakadiriwa kuwa 1,000. Wataalamu walipochunguza waliwatazama mbwa wa vijiji vilivyoizunguka hifadhi. Basi mbwa tuliyemwacha sokoni aweza kumwua mtoto wetu, na aweza pia kumwua simba ambaye hajawahi kumwona.

Labda msikilizaji atasema kwamba mambo haya ni mazuri, lakini watu wetu hawabadiliki. Twamjibu kwa mfano wa Mpimbwe yenyewe. Miongoni mwa Wasukuma waliohamia hapa na ng'ombe wao, ilikuwa desturi kwamba kijana aliyemwua simba mla ng'ombe acheze ngoma kwa jamaa na majirani, naye hutunzwa zawadi kwa ushujaa wake. Desturi hiyo ilikuwa na maana njema, maana ililinda zizi la wote. Lakini zawadi zilipokuwa tamu, wengine walianza kwenda kuwawinda simba wasioua ng'ombe wa mtu. Katika miaka ya 2010 ikaanza juhudi iliyoitwa Watu, Simba na Mazingira. Wazee wa Kisukuma walikaa katika mabaraza yao ya jadi, viongozi wa vijiji wakakaa katika yao, wakatafuta njia ya kutenga ulinzi wa kweli na uwindaji wa zawadi. Hawakuletewa askari. Walitumia baraza, yaani kitu kile kile ambacho kila kijiji kinacho.

Kinachoweza kufanywa na kijiji

Kijiji kitakacho kuwaokoa mbwa wake hakihitaji kujenga nyumba kama ile ya Battersea. Chahitaji daftari moja na mtu mmoja wa kuliandika katika kila kitongoji. Ndani yake yaandikwe jina la mwenye mbwa, idadi ya mbwa wake, na mwaka waliochanjwa. Wanafunzi wa shule waweza kuifanya kazi hiyo vizuri sana. Nayo ni somo la hesabu lenye faida kuliko mengi yaliyomo vitabuni. Mganga wa mifugo akija, hataanza kuuliza kama mbwa wapo. Ataonyeshwa idadi yao.

Siku ya kuchanja, watoto wa mbwa wasiachwe nyumbani kwa kudhaniwa kuwa ni wachanga mno. Hao ndio wengi, na ndio wachezao na watoto wetu. Nao huchanjwa pamoja na wakubwa. Mtu akileta mbwa kutoka mbali, na aseme, ili achanjwe kabla hajachanganyika na wengine. Na mavuno yakiisha, mbwa aliyelinda shamba asiachwe kibandani. Arudi nyumbani na bwana wake, kama vile jembe linavyorudi. Asiyeweza kumlisha amtafutie jirani wa kumpokea, wala asimtupe sokoni usiku akidhani kwamba hapana aliyemwona. Mbwa akionekana mgonjwa, akibadili tabia, akiuma vitu ovyo, akitokwa na udenda, watu wajitenge naye na habari zipelekwe upesi kwa wakubwa na kwa mganga wa mifugo. Hapo ni kazi ya wenye maarifa, si ya watoto na mawe.

Wengine watauliza, kama walivyouliza magazeti ya London mwaka 1860, kwa nini tuhangaike na mbwa na hali watu wana shida. Sisi tuliomwona mtoto mwenzetu akifa twajua kwamba hapa mashauri mawili ni shauri moja. Pale kijijini siku ile mbwa aliyekuja na udenda hakuwa ametoka hewani. Alikuwa na kijiji alikozaliwa, na nyumba aliyoilinda, na mtu aliyekula mahindi yaliyookolewa kwa kubweka kwake. Kama mtu yule angalimfunga kamba shingoni asubuhi moja na kumpeleka penye sindano, yule mtoto angalikuwa mtu mzima leo, naye pengine angalikuwa akiyasoma mazungumzo haya pamoja na watoto wake.

Basi, wasomaji wetu, jioni hii mbwa akipita mbele ya nyumba zenu, msianze kwa kuokota jiwe. Ulizeni kwanza ni wa nani. Na ikiwa jibu ni kwamba ni wenu, mwiteni kwa jina lake.